Mama Charity Adams na Barua za Askari

Mwalimu aita katika kalasi: « Yosefu! » Watoto watatu wasimama pamoja. Mwalimu acheka, kisha aita tena, na safari hii aongeza jina la baba. Mmoja abaki amesimama, wawili wakaa. Hiyo ni shida ndogo, yaisha upesi.

Lakini fikirini ya kuwa akina Yosefu si watatu. Ni zaidi ya 7,500. Tena hawako katika kalasi moja, wametawanyika katika inchi nyingi, kila siku wahama, wengine wamelazwa hospitali, wengine wamekufa. Na kila mmoja ana barua ya mama yake inayomngoja. Nani atampa kila mtu barua yake?

Kazi hiyo ilifanywa kweli, katika vita kuu ya pili, na askari wanawake wa Marekani. Mkubwa wao alikuwa Mama Charity Adams.

Charity alizaliwa siku ya 5 Desemba 1918 kule Kittrell, katika jimbo la North Carolina, akakulia mjini Columbia, katika jimbo la South Carolina. Baba yake alikuwa mchungaji wa Wametodisti weusi, mama yake mwalimu. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza, na wadogo wake walikuwa watatu. Watu weusi wa Marekani ni wajukuu wa wale waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika, wakauzwa kama mali. Utumwa ulikuwa umekwisha tangu mwaka wa 1865, lakini katika majimbo ya kusini sheria iliwatenga bado weusi na wazungu. Shule za weusi zilikuwa mbali. Mabehewa ya treni yalikuwa mbali. Hata bomba la maji ya kunywa, weusi walikuwa na lao na wazungu lao, na maji yalikuwa yale yale.

Katika shule Charity alishinda wenzake. Akaenda kaskazini, kusoma katika Wilberforce, chuo kikuu cha watu weusi katika jimbo la Ohio. Alisoma hesabu, Kilatini na fizika. Mwaka wa 1938 akamaliza, akarudi Columbia kufundisha watoto hesabu muda wa miaka minne. Pengine angalikuwa mwalimu wa hesabu maisha yake yote, kama vita isingalikuja.

Marekani iliingia vitani mwezi wa Desemba 1941. Mwezi wa Mei 1942 serkali ikafanya kikosi cha wanawake. Shauri lake lilikuwa hili: katika jeshi kuna kazi nyingi zisizohitaji bunduki. Yupo anayepiga mashine ya kuandika, yupo anayeshika simu, yupo anayepika, yupo anayeendesha gari. Kama mwanamke ashika kazi hiyo, mwanamume mmoja apata nafasi kwenda kupigana. Charity akaandika jina lake. Mwezi wa Julai 1942 akapanda treni kwenda kambi ya Fort Des Moines, katika jimbo la Iowa.

Njiani alisafiri pamoja na wasichana wengine waliotoka Ohio, weusi na wazungu. Walizungumza, wakacheka, wakala pamoja, maana wote walikuwa na hofu moja na furaha moja. Walipofika kambini ofisa mmoja akasimama mbele yao, akaamuru wasichana weusi waende upande mmoja. Wazungu wakaitwa kwa majina, mmoja mmoja, na kupelekwa mahali pao pa kulala. Weusi hawakuitwa majina. Walipelekwa kwa jumla. Charity hakusahau saa ile mpaka uzee wake. Na ni ajabu kweli: inchi iliyokwenda ng'ambo ya bahari kupigana na Hitler na kiburi chake cha damu, yenyewe iligawanya askari wake kwa rangi ya ngozi.

Katika kundi lile la kwanza la wanawake waliosomea uofisa walikuwamo wapata 440, na weusi hawakufika 41. Siku ya 29 Agosti 1942 Charity akapewa cheo. Yeye ndiye mwanamke mweusi wa kwanza aliyepata kuwa ofisa katika kikosi kile. Akabaki Fort Des Moines zaidi ya miaka miwili, akifundisha wanawake wapya kupiga hatua, kutunza nguo, kushika saa, kutii na kuamuru. Mwaka wa 1943 akawa meja, ndicho cheo kinachopita cha kapiteni.

Hata hivyo wengine hawakusadiki wakiona alama za cheo mabegani mwa mwanamke mweusi. Siku moja, katika stesheni ya treni mjini Atlanta, askari polisi wakamwendea, wakamwuliza kama yeye ni ofisa wa kweli, maana mtu amelalamika. Hakupiga kelele. Aliwauliza majina yao na jina la mkubwa wao. Wakaondoka.

Mwezi wa Januari 1945 Charity alipandishwa katika ndege pamoja na mwenzake, Kapiteni Abbie Noel Campbell. Amri yao ilikuwa katika bahasha iliyofungwa. Waliambiwa wasiifungue mpaka ndege iwe imeruka. Walipoifungua wakaona ya kuwa waenda Ulaya. Wiki chache nyuma yao meli Île de France ikaondoka New York imejaa askari wanawake, ikapita katika bahari yenye manowari za Wajerumani, ikafika Scotland mwezi wa Februari. Wote pamoja, askari na maofisa, walikuwa 855, karibu wote weusi. Kikosi chao kiliitwa Batalioni ya 6888. Wakapelekwa Birmingham, mji mkubwa wa viwanda katika Uingereza, wakapewa kulala katika majengo ya shule.

Sasa wataona kazi yao. Yalikuwako majumba ya kuwekea mizigo, na ndani yake magunia ya barua na vifurushi yamepangwa mpaka juu ya dari. Barua nyingine zilikuwa na miezi mingi, nyingine zimepita mwaka. Vifurushi vya Noeli vilikuwa na mikate na kuku wa kukaanga, navyo vimekwisha kuoza, na panya wamevitoboa. Madirisha yalipakwa rangi nyeusi ili ndege za adui zisione mwanga. Moto wa kupashia nyumba haukuwako, na mwezi wa Februari katika Uingereza ni wa baridi kali. Wanawake walivaa makoti mazito juu ya nguo mbili, wakakaa wakafanya kazi.

Kwa nini barua zilikusanyika hivi? Tangu siku ya 6 Juni 1944, jeshi lilipotua pwani ya Ufaransa, vikosi havikukaa mahali pamoja. Leo kikosi kiko hapa, kesho kimesogea mbele, kesho kutwa kimegawanywa. Mwezi wa Desemba Wajerumani wakarudi kwa nguvu katika msitu wa Ardennes, katika Ubelgiji na Luxembourg, na mambo yakavurugika zaidi. Barua yafika kwenye kikosi, mwenyewe hayuko tena. Yarudishwa. Yatumwa mahali pengine, napo hayuko. Mwisho yatupwa katika gunia.

Wakubwa walimwambia Meja Adams ya kuwa kazi hiyo yapasa kwisha katika miezi sita. Yeye, mwalimu wa hesabu, akaigawanya siku katika vipindi vitatu vya saa nane nane. Kundi moja likitoka, jingine laingia. Mchana, jioni na usiku, siku zote saba za juma, mikono haikusimama.

Mbele yao waliweka kadi, wapata milioni 7. Kila Mmarekani aliyekuwa Ulaya kwa kazi ya vita, askari au raia, alikuwa na kadi yake: jina, kikosi, mahali alipo. Mtu akihama, kadi yasahihishwa. Na hapo ndipo walipokutana na akina Robert Smith, zaidi ya 7,500. Robert Smith wa barua hii ni yupi? Dawa yake ilikuwa namba. Kila askari apewa namba akiingia jeshini, wala hakuna wawili wenye namba moja. Lakini mama akimwandikia mwanawe mara nyingi hakumbuki namba. Ilibidi kutazama barua imetoka mji gani, kikosi kilichoandikwa ni kipi, kisha kutafuta kadi baada ya kadi. Nyingine ziliandikwa jina la nyumbani tu, kama vile kwetu mtu angeandika « Kwa Kaka, jeshini. » Wanawake wale hata hizo hawakuzitupa, walitafuta.

Barua za waliokufa zilirudishwa kwao waliozituma. Mtu ashike bahasha iliyoandikwa kwa mkono wa mke au wa mtoto, aitazame kadi, aone ya kuwa mwenyewe yu kaburini! Kazi ya kukaa kitini si nyepesi siku zote.

Katika kila kipindi cha saa nane zilipita mikononi mwao barua na vifurushi 65,000. Ile kazi ya miezi sita ikaisha kwa miezi mitatu.

Katika siku hizo za Birmingham jenerali mmoja alikuja kuwatazama. Meja Adams akawapanga askari wake uwanjani. Jenerali akaona ya kuwa si wote waliopo, akauliza wengine wako wapi. Meja akamweleza: wengine wako kazini, na wale waliofanya kazi usiku wamelala. Jenerali akakasirika. Akasema atamleta luteni mzungu amwonyeshe jinsi ya kuongoza kikosi. Fikirini: luteni ni mdogo wa meja kwa vyeo viwili, na maneno hayo yalisemwa mbele ya askari wake wote. Meja Adams akajibu, kwa adabu ya kiaskari, ya kuwa jambo hilo halitafanyika ila yeye akiwa amekufa.

Jenerali alianza kutayarisha mashtaka ya kumpeleka mbele ya hukumu ya jeshi. Meja naye hakukaa kulia. Alijua ya kuwa wakubwa wa majeshi ya Ulaya wamekataza kusema maneno ya kuchochea ubaguzi wa rangi. Pamoja na maofisa wake akatayarisha mashtaka yake juu ya maneno ya jenerali. Siku chache nyuma jenerali aliacha mashtaka, na meja akaacha yake. Baadaye, walipokutana Ufaransa, jenerali mwenyewe alikiri ya kuwa amepata kumheshimu. Yafaa kusema hilo pia, maana si kila mkubwa ana moyo wa kukiri.

Wakati huo chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kilitayarisha nyumba mjini London, ili askari wanawake weusi wakienda likizo walale humo, mbali na wazungu. Nyumba ilikuwa nzuri, na waliomletea habari walidhani atashukuru. Meja Adams alisema ya kuwa maadamu yeye ni mkubwa wa kikosi, hakuna hata mmoja wa wanawake wake atakayelala humo. Akawaeleza askari sababu. Hakuwapa amri, kwa kuwa likizo ni ya mtu mwenyewe. Hakuna aliyekwenda. Waingereza wa Birmingham, kwa upande wao, waliwakaribisha wanawake hawa nyumbani mwao kunywa chai.

Vita ya Ulaya ilikwisha mwezi wa Mei 1945. Batalioni ikavushwa kwenda Rouen, mji wa Ufaransa ulioharibiwa na mabomu, na huko wakakuta barua nyingine nyingi, baadhi zina miaka miwili na zaidi. Wakazimaliza nazo.

Mwezi wa Julai msiba ukawapata. Askari watatu wa kikosi, Mary Bankston, Mary Barlow na Dolores Browne, walikufa kwa ajali ya gari. Fedha za kuwazika vizuri serkali haikuleta. Wenzao wakachanga, wakanunua majeneza, na wale waliojua kazi ya kutengeneza maiti kabla ya vita wakawatengeneza. Watatu hao wamelala Colleville-sur-Mer, katika makaburi makubwa ya Wamarekani juu ya pwani ya Normandy. Makaburi hayo yapita 9,000, na ya wanawake ni manne tu.

Mwezi wa Desemba 1945 Charity Adams akapewa cheo cha luteni kanali. Hakukuwako cheo cha kupita hicho katika kikosi cha wanawake, ila cha mkubwa wao wote. Mwaka wa 1946 kikosi kilirudi Marekani kikavunjwa. Hapakuwa na muziki wala sherehe. Kila mmoja akachukua sanduku lake akaenda kwao. Na waliorudi kusini walikuta mabehewa ya treni bado mbali. Ni mwaka wa 1948 tu Rais Truman alipoamuru ubaguzi wa rangi uondoke katika jeshi.

Charity alirudi kwenye masomo, akapata shahada ya pili katika chuo kikuu cha jimbo la Ohio. Alifanya kazi katika ofisi ya serkali ya kuwasaidia waliotoka vitani, kisha akawa mlezi wa wanafunzi katika vyuo vya watu weusi. Mwaka wa 1949 akaolewa na Stanley Earley, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Zurich, katika Uswisi. Akamfuata huko. Wengine wangalikaa nyumbani kungoja mume amalize. Yeye alijifunza Kijerumani mpaka akaweza kusoma katika chuo kikuu cha mji ule. Mwaka wa 1952 walirudi Marekani, wakakaa Dayton, katika jimbo la Ohio, wakapata watoto wawili, mvulana na msichana.

Miaka karibu 50 aliyokaa Dayton haina jenerali wala manowari, kwa hiyo wenye kuandika habari zake huipita mbio. Wakosa. Mji wa watu huendeshwa katika vyumba vya mabaraza, mezani, kwa karatasi na hesabu na subira, na wanaokosa kuketi pale huamuliwa mambo yao na wengine. Mama Charity aliketi. Alikuwa katika baraza la nyumba za watu wa kipato kidogo. Alikuwa katika baraza la chuo cha Sinclair, ambacho vijana wa mji huingia kujifunza kazi. Alikuwa katika baraza la kampuni ya umeme. Aliketi pia katika baraza la Msalaba Mwekundu, chama kile kile kilichomtayarishia nyumba ya pembeni mjini London. Hakukaa na kinyongo nje ya mlango. Aliingia ndani akafanya kazi.

Lakini aliona ya kuwa mtu mweusi mmoja mezani hatoshi. Mwaka wa 1982 akasaidia kuanzisha masomo ya kuwatayarisha watu weusi wa Dayton kuwa viongozi wa mji wao. Alikuwa na miaka zaidi ya 60, na alifanya jambo lile alilolifanya Fort Des Moines akiwa kijana: kuchukua watu ambao wakubwa hawakuwatazama, na kuwafundisha kushika kazi kubwa.

Mwaka wa 1989 alitoa kitabu cha habari zake za vita, na wengi wakasikia kwa mara ya kwanza juu ya Batalioni ya 6888. Alikufa mjini Dayton siku ya 13 Januari 2002, mwenye miaka 83.

Sifa zilikuja zimechelewa, kama zile barua. Mwaka wa 2022 serkali ya Marekani iliamua kukipa kikosi chao nishani ya dhahabu ya Bunge, na mwezi wa Aprili 2025 ikatolewa, miaka 80 baada ya Birmingham. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka wa 2023 kambi moja kubwa ya jeshi katika jimbo la Virginia ilipewa jina lake pamoja na la ofisa mwingine mweusi, ikaitwa Fort Gregg-Adams. Mwaka wa 2025 jina hilo likaondolewa, kambi ikaitwa tena Fort Lee. Mjini Dayton shule moja ya wasichana wadogo ilipewa jina lake. Humo watoto hujifunza kusoma, kuandika na hesabu.

Maulizo. — Kwa nini jina peke yake halikutosha kumjua mwenye barua? — Katika vipindi vitatu vya siku moja, barua na vifurushi vingapi vilipita mikononi mwa askari wale? — Kwa nini Meja Adams aliikataa nyumba ya London, nayo ilikuwa nzuri? — Kwa nini hakutoa amri juu yake? — Andika barua fupi kwa ndugu aliye mbali. Juu ya bahasha andika yote yanayohitajiwa ili imfikie yeye, wala si mwingine mwenye jina lake.